Mashine ya Kupachika na Mafundi Wake

Mashine ya kupachika ni injini inayokaa nzima nje ya chombo: kichwa chenye silinda juu, mguu mrefu wenye shafti katikati, na gia pamoja na propela chini, majini. Hubanwa kwenye ubao wa tezi kwa skrubu mbili za mkono, huongozwa kwa mpini mmoja, na ikiwa ndogo hung'olewa jioni na kubebwa begani hadi nyumbani, mbali na wezi na mawimbi. Wepesi huo ndio ulioiamulia historia yake, na ndio ulioamua pia ufundi wa kuitengeneza. Injini ya ndani ya meli humlazimu fundi aifuate; mashine ya kupachika humfuata fundi alipo. Kwa hiyo imezoea kufunguliwa ufukweni, kwenye mabanda ya makuti na chini ya miti, na fundi wake amekuwa mtu wa diko zaidi ya kuwa mtu wa kiwanda.

Wazo lenyewe ni la karne ya 19. Mwaka 1881 mvumbuzi wa Ufaransa, Gustave Trouvé, alifunga mota ya umeme kwenye usukani wa mashua na kuiendesha katika mto Seine jijini Paris. Chombo kilikwenda, lakini betri za siku zile hazikuwa na uwezo wa kumfaa mvuvi. Katika miaka ya 1890 kampuni moja ya Marekani iliuza injini chache za petroli za kubebeka, nazo zikasahaulika haraka. Mwaka 1905 Mmarekani Cameron Waterman alijaribu yake katika mto Detroit wakati wa baridi. Alianza kwa mnyororo wa kuzungusha propela. Barafu ikaingia, mnyororo ukawa unachomoka. Akaugeukia utaratibu wa shafti iliyosimama na gia za pembe chini yake, ambao haujabadilika hadi leo. Waterman aliuza injini kwa maelfu na anastahili heshima zaidi ya anayopewa.

Heshima kubwa ilimwendea Ole Evinrude, fundi mitambo mzaliwa wa Norway aliyehamia Wisconsin akiwa mtoto. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto alipiga makasia ziwani kumletea mchumba wake Bess askirimu, ikayeyuka njiani, naye akaamua kutafuta njia ya kuyaepuka makasia. Kilicho muhimu kwa fundi ni mpangilio wa chuma aliouweka. Injini aliyoanza kuiuza mwaka 1909 huko Milwaukee ilikuwa na silinda moja iliyolala, kranki iliyosimama wima, na gurudumu zito limelazwa juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mwendeshaji unalifikia. Ilikuwa na nguvu ya farasi 1.5, uzito wa kilo 28 hivi na bei ya dola 62. Kranki iliyosimama hushusha nguvu moja kwa moja hadi kwenye gia, na mpangilio huo ndio uliofuatwa na watengenezaji waliokuja baadaye.

Mpangilio huo ulizaa pia uchakavu wa namna yake, ambao fundi wa magari haujui. Katika injini iliyosimama, maji yoyote yanayopenya hushuka. Beringi ya chini ya kranki na silinda ya chini ndizo zinazopata kutu kwanza, hasa mashine ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa. Fundi wa zamani akiletewa mashine ya silinda mbili iliyokwama huanzia chini, kwa sababu tatizo mara nyingi limelala huko.

Kwa miongo mingi karibu mashine zote hizi zilikuwa za mapigo mawili. Injini ya namna hiyo haina vali za kwenye silinda wala tanki la oili chini ya kranki. Petroli iliyochanganywa na oili hupita ndani ya chumba cha kranki, ikalainisha beringi njiani, kisha husukumwa hadi kwenye silinda kupitia matundu yaliyo ubavuni. Pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu hayo. Vipande vinavyotembea ni vichache, na injini hutoa nguvu kubwa kwa uzito mdogo. Gharama yake ni moshi, na sehemu ya petroli hutoka na moshi huo kabla haijaungua. Tena, uhai wa injini hutegemea mkono wa mtu anayepima oili. Asiyetia oili ya kutosha huua pistoni kwa saa chache. Anayezidisha huzipaka ringi na tundu la moshi masizi magumu ambayo huiua mashine polepole.

Evinrude aliiuza kampuni yake mwaka 1914, kisha akarudi sokoni mnamo 1920 na mashine mpya aliyoiita Elto, yenye silinda mbili na iliyotumia sana aluminiamu. Uzito ulipungua sana. Lakini aluminiamu ikiguswa na bolti ya chuma ndani ya maji ya chumvi huliwa, na unga mweupe unaotokana na kuliwa huko huibana bolti kana kwamba imechomelewa. Tangu hapo, sehemu ngumu zaidi ya kuifungua mashine ya baharini imekuwa bolti. Bolti ya kichwa cha silinda ikikatika, kazi ya nusu siku huwa ya siku tatu. Fundi mzuri huipasha moto aluminiamu inayoizunguka, huigonga bolti taratibu, huilegeza kidogo na kuikaza tena kidogo, na hukubali kuiacha ilowe mafuta usiku kucha. Uvumilivu huo ndio unaomtambulisha fundi aliyeiva kuliko spana zozote alizo nazo.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walijitokeza watengenezaji wengine. Johnson walianza Indiana mapema katika miaka ya 1920, na mwaka 1939 Carl Kiekhaefer akaanzisha huko Wisconsin biashara iliyokuja kuwa Mercury. Nchini Uingereza, mwaka 1931, ilizaliwa Seagull, mashine iliyotengenezwa kwa makusudi iwe rahisi. Haikuwa na boneti ya kuifunika, ilihitaji oili nyingi, sehemu moja kwa kumi za petroli katika aina za mwanzo, na propela yake iliungwa na shafti kwa springi badala ya pini ya kukatika. Ilikuwa na kelele na moshi mwingi, lakini mtu mwenye spana chache aliweza kuifungua yote na kuirudisha. Vitani ilitumiwa na jeshi la wanamaji la Uingereza.

Katika Afrika Mashariki mashine hizi zilikuta ustadi mkubwa wa tanga. Ngalawa, mashua na majahazi ya pwani yalikuwa yamekwenda kwa kaskazi na kusi kwa karne nyingi, na upepo haulipiwi. Ndiyo maana pwani haikuikimbilia injini. Kwenye maziwa makuu, ambako mitumbwi ilienda zaidi kwa kafi, mvuto ulikuwa mkubwa zaidi. Huko Uganda idara ya uvuvi ya serikali ya kikoloni ilihimiza mashine za kupachika katika miaka ya 1950, wakati uleule nyavu za nailoni zilipokuwa zikichukua nafasi ya nyavu za pamba. Mashine ilimwezesha mvuvi kufika mbali na kumrudisha mapema, samaki wakiwa bado wabichi. Ilimwingiza pia katika deni la petroli na spea ambalo tanga halikuwahi kumdai.

Mashine za enzi hiyo ziliwashwa kwa magneto yenye platini. Sumaku iliyomo ndani ya gurudumu hupita karibu na koili, platini hufunguka, na cheche huruka kwenye plagi. Mwanya wa platini ulikuwa kitu kidogo chenye amri kubwa. Kwenye mashine nyingi za Johnson na Evinrude ulitakiwa kuwa inchi 0.020, yaani nusu milimita. Platini zilizoungua zilisuguliwa kwa msasa laini, zikapanguswa, zikapimwa kwa vibamba vya chuma. Asiyekuwa na vibamba alitumia karatasi ngumu. Mashine nyingi zilizodhaniwa zimekufa zilifufuliwa kwa kazi hiyo ya robo saa, na fundi aliyeijua alihesabiwa kuwa mganga.

Soko lilianza kubadilika Wajapani walipoingia. Tohatsu walitoa mashine yao ya kwanza mwaka 1956, Yamaha mwaka 1960 na Suzuki mwaka 1965. Yamaha waliwalenga wavuvi wa nchi zinazoendelea kwa makusudi. Walitengeneza aina ya Enduro kwa ajili ya kazi nzito ya kila siku, tofauti na mashine za starehe za Marekani zilizotumika miezi michache ya kiangazi. Pwani na maziwani, nguvu za farasi 15, 25 na 40 zikawa vipimo vya kila siku, na mtu akisema ana mashine ya arobaini haulizwi ni arobaini ya nini.

Ukaja wakati wa uhaba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 nchi nyingi za eneo hili zilikosa fedha za kigeni, na spea zikawa adimu. Miradi ya misaada ilileta mashine bila kuleta vipuri vya kutosha, na nyingi zikaishia ghalani kwa kukosa kitu kidogo kama impela ya mpira. Shida hiyo iliwafundisha mafundi kujenga upya badala ya kubadilisha. Ufundi wanaoufanya hadi leo, kuanzia kuitambua hitilafu hadi kuirudisha mashine majini, ulikomazwa na uhaba huo, na unastahili kuelezwa kwa hatua zake.

Uchunguzi huanza kwa mwenye mashine. Ilipoteza nguvu polepole au ilizima ghafla? Ilizima ikiwa na moto au ilipokuwa ikipoa? Nani alichanganya oili, na kwa chombo gani? Kisha kamba huvutwa taratibu, bila nia ya kuwasha. Silinda yenye afya huukataa mkono kila pistoni inapopanda. Iliyochoka huacha kamba ipite laini, na katika mashine ya silinda mbili tofauti hiyo husikika waziwazi. Mwenye geji huthibitisha kwa namba. Mashine nyingi za mapigo mawili zikiwa nzima huonyesha mgandamizo wa paundi 100 au zaidi kwa inchi ya mraba, lakini linaloangaliwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi sehemu moja kwa kumi, kuna jambo.

Plagi ndiyo shahidi wa pili. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Nyeusi iliyolowa hueleza cheche dhaifu, kabureta inayofurika au oili iliyozidi. Nyeupe iliyokauka ndiyo ya kuogopwa, maana hueleza joto kali: petroli haifiki ya kutosha, au hewa inaingia mahali isipotakiwa. Mahali hapo mara nyingi ni sili za kranki. Kwa kuwa chumba cha kranki ndicho kinachovuta na kusukuma mchanganyiko, sili iliyochakaa hunyonya hewa, mchanganyiko hukosa petroli na oili, na pistoni huungua. Kosa lililowaponza wengi ni kuweka pistoni mpya bila kuzigusa sili. Mashine huondoka karakanani ikilia vizuri na kurudi baada ya majuma machache, ikiwa na pistoni iliyotoboka palepale.

Baada ya hapo huangaliwa maji. Mashine ya kupachika hupozwa na maji inayoelea juu yake, yakivutwa na impela ya mpira iliyo mguuni. Uzi wa maji unaotoka ubavuni humwonyesha nahodha kwamba pampu inafanya kazi. Ukikonda au ukikatika, injini izimwe mara moja. Baharini adui ni chumvi inayojijenga ndani ya njia za maji hadi ikazifunga. Ziwani ni mchanga, matope na mizizi ya magugu maji, yaliyoenea Ziwa Viktoria kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Oili ya gia nayo hutolewa tone kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, na gia hazina muda mrefu.

Ikithibitika kwamba mwili wenyewe umechoka, kichwa huvuliwa chote na kufunguliwa. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kwa sababu haichakai sawasawa. Upande wa tundu la moshi ndio unaopata joto kali na mikwaruzo mingi. Ikiwa mikwaruzo ni ya juujuu, hupigwa msasa wa kusugua ili ukuta upate mistari ya kushika oili, na ringi mpya hutosha. Ikiwa imeliwa, silinda huchongwa kwa mashine ya kuboa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida milimita 0.25 au 0.50 juu ya kipimo cha kiwandani katika mashine za Kijapani. Ikishapita hapo, huingizwa slivu mpya ya chuma. Karakana nyingi za ufukweni hazina mashine ya kuboa, hivyo bloku husafiri hadi mjini kwa basi na kurudi. Safari hiyo ndiyo inayomgharimu mvuvi siku nyingi za kukaa bure.

Hapa kuna jambo ambalo fundi wa magari akiingia kazi hii hulikosea. Silinda ya mapigo mawili ina matundu ubavuni, na kuboa huacha kingo zake zikiwa kali. Zisipolainishwa, ringi hunasa na kukatika siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo pia ringi hizo huzuiwa zisizunguke kwa kipini kidogo kilicho ndani ya mfereji wa pistoni, na fundi sharti akilenge kipini hicho anapozifunga. Kabla ya kufungwa, ringi huwekwa peke yake ndani ya silinda na mwanya wa ncha zake kupimwa. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha hugusana injini ikipata moto na ukuta huchanwa. Ukiwa mkubwa, mgandamizo huvuja.

Kranki ni mtihani mwingine. Katika mashine nyingi za Kijapani huwa imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja kwa nguvu nyingi, na konrodi haina kofia ya kufungua. Kubadilisha beringi ya konrodi kunahitaji presi na kupima unyoofu baada ya kushindilia. Anayejaribu kwa nyundo huipindisha kranki, na mashine hutetemeka hadi ife tena. Ni heri kununua kranki iliyotumika kuliko kuigongagonga iliyopo. Baada ya kranki hufuata sili mpya zote, gasketi mpya, na bolti za kichwa kukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Mashine iliyojengwa upya hulishwa oili maradufu, sehemu moja kwa 25, kwa saa kumi za kwanza na bila kukimbizwa, kisha hurudi kwenye moja kwa 50.

Mashine iliyoanguka majini ina kanuni yake. Chuma kilichozama hakiharibiki sana kikiwa chini ya maji. Kinaharibika kinapokutana na hewa. Mashine iliyoopolewa hufunguliwa siku hiyohiyo, huoshwa kwa maji baridi, humwagwa maji yote, kisha hutiwa mafuta na kuwashwa. Ikiwa fundi hayuko karibu, ni salama zaidi kuiacha ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi kuliko kuilaza juani ikisubiri. Wengi walizipoteza mashine nzima kwa kuzianika.

Ziwa Viktoria ndilo lililoupanua ufundi huu kuliko mahali pengine. Sangara, waliopandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, waliongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza, Kisumu na upande wa Uganda. Kiwanda kilitaka samaki wabichi, na ubichi ulitaka kasi. Sensa za uvuvi za nchi tatu zinazolizunguka ziwa zilihesabu mashine za kupachika zaidi ya 4,000 mwaka 2000 na zaidi ya 12,000 mwaka 2006. Mwalo wenye mitumbwi mingi ulipata fundi wake, duka lake la spea na rundo lake la mashine zilizokufa, ambazo hunyofolewa kipande kimoja kimoja kuziponya zilizo hai.

Mabadiliko makubwa ya pili yalianzia kwenye umeme. Platini zilianza kuondolewa mwishoni mwa miaka ya 1960, na nafasi yake ikachukuliwa na kisanduku cha elektroniki kilichomiminiwa utomvu mgumu. Kisanduku hicho hakitaki kurekebishwa mwanya na hudumu miaka mingi, lakini kikifa hakifunguliki. Fundi hubaki na mita ya kupimia ukinzani wa koili, au na njia ya kuazima kisanduku kizima kutoka mashine jirani na kuona kama cheche itarudi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kipande ambacho mikono yake haikuweza kukijenga upya.

Kisha ikaja sheria ya hewa. Mwaka 1996 serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kupunguza moshi wa mashine hizi, na watengenezaji wakageukia injini za mapigo manne, ambazo Honda walikuwa wakizitengeneza tangu mwaka 1964, pamoja na mifumo ya kunyunyizia petroli kwa kompyuta. Mapigo manne hutumia petroli kidogo, hazichanganyiwi oili na huchafua maji kidogo zaidi. Hizo ni faida za kweli, hasa kwa ziwa ambalo watu hunywa maji yake. Kampuni iliyotokana na Evinrude na Johnson ilifilisika mwaka 2000, na mwaka 2020 mmiliki wake mpya akaacha kabisa kutengeneza mashine za Evinrude. Afrika Mashariki, hata hivyo, mashine za mapigo mawili za kabureta zimeendelea kuuzwa na kupendwa, kwa kuwa ni nyepesi, ni rahisi kununua, na hufufuka mikononi mwa fundi wa jirani.

Pendeleo hilo ni la busara. Kwa mvuvi anayelala kisiwani, mashine isiyotengenezeka papo hapo ni hatari kwa mfuko wake na kwa maisha yake. Lakini haliwezi kudumu milele, kwa sababu kadiri viwanda vinavyoiacha teknolojia hiyo ndivyo spea zake zitakavyopungua. Maarifa ya kuzijenga upya yamo mikononi na masikioni mwa mafundi wa mialo na madiko, wengi wao wakiwa wamejifunza kwa kushika taa na kupitisha spana. Vyuo vya uvuvi vya Tanzania kama FETA huko Mbegani na Nyegezi, pamoja na vyuo vya ufundi vya VETA, viwaite mafundi hao darasani, viandike kwa Kiswahili vipimo na hatua zao, na viwape wao wenyewe mafunzo ya mapigo manne na ya kompyuta wakati mashine za zamani zingali zikifanya kazi kando yao.